Dereva Ni Huyu Hapa: Nairobi hadi Mombasa na Kurudi, Kutoka Kiti cha Utingo

Jumatatu, Industrial Area

Gari letu lina ekseli sita, tatu za kichwa na tatu za trela, na dereva wake ni mwanamke. Ana miaka arobaini na ushei, mfupi kuliko mimi, na mimi mwenyewe si mrefu. Namwita Dere, kama utingo yeyote wa Nairobi anavyomwita dereva wake. Kazi yangu ni kufunga kufuli za kontena, kugonga matairi kwa nyundo nisikie kama yana hewa, kupika chai, na kushuka kuongoza gari linaporudi nyuma. Nimeamua kuiandika safari hii nikiwa kiti cha kushoto kwa sababu kiti hicho kina ajabu yake: kila tunaposimama, watu wanaongea na mimi.

Leo tumepakia kahawa ya kwenda bandarini. Magunia 320 ya kilo 60 ndani ya kontena la futi 20, yaani tani 19 na kilo 200 kabla hujahesabu uzito wa kontena lenyewe. Asubuhi, kontena likiwa bado tupu, mwenye kreni aliniuliza, "Bosi, tulibandike wapi?" Nikamwonyesha Dere, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono kiunoni. "Muulize dereva." Akacheka. "Sawa. Lakini tulibandike wapi?"

"Katikati, kisha lisogee nyuma kidogo," Dere akasema. "Ukiliweka mbele kabisa, ekseli za kichwa zitabeba kupita kiasi."

Jamaa akanitazama tena mimi. Nikanyamaza. Dere akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi getini, na kontena likakaa alipotaka. Hakuwa anasumbua. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa zile mbili za nyuma ya kichwa, na 24 kwa tatu za trela. Jumla ni 50. Unaweza kuwa na tani 38 tu kwa jumla, ushikwe kwa sababu ekseli mbili zimebebeshwa mzigo wa nne.

Baadaye ikaja zamu ya kurudisha gari nyuma hadi mlango wa godown, yaani ghala. Hapo ndipo wapakiaji wote waliacha kazi. Mwenye gunia alilitua, mwenye soda akaketi vizuri. Kisha kila mmoja akawa mwalimu: kata kulia, kata kushoto, wacha, ongeza, mathe simama! Dere akazima injini. Akateremsha kioo. "Mnaongea wengi. Mimi ninaongozwa na huyu kijana tu." Akawasha tena, akakata, akanyoosha, akaingia bila kugusa nguzo.

Mmoja wao akasema, "Hiyo ni bahati."

Nimewahi kufanya kazi na madereva wanaume. Nimemwona mmoja akikwaruza geti lile lile, na watu wakalilaumu geti kwamba ni jembamba.

Tulitoka saa kumi jioni, saa mbaya kuliko zote. Enterprise Road ilikuwa imeshonana, na barabara ya Mombasa chini ya nguzo za Expressway ilikuwa inasogea kwa kuomba. Makanga mmoja aliyening'inia mlangoni mwa matatu alimwona Dere, akaita abiria wake wote watazame. "Ebu oneni mathe na trela!" Abiria wakatoa simu. Dere hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo cha kushoto, ambako boda boda alikuwa anajipenyeza kati yetu na ukingo, mahali ambapo dereva wa trela hakuoni kabisa ukishuka chini ya dirisha. Tumelala Mlolongo.

Jumanne, Mlolongo hadi Mtito Andei

Mzani wa Athi River ndio mahali pangu ninapopapenda kuliko pote katika barabara hii, na najua madereva wengi watanicheka. Unapanda polepole, unasimama, namba zinatoka. Mashine haiulizi dereva ni nani. Ekseli zote zilikuwa sawa. Nilimkumbuka yule wa kreni.

Kuanzia Kyumvi barabara inafunguka, halafu vinakuja vilima vya Salama. Dere anateremka na gia ambayo angepandia. Lori zito linazuiwa na gia na breki ya injini. Ukiitegemea pedali peke yake, breki zinapata moto, zinanuka, na mwisho hazishiki. Wako madereva wanaoteremka gari likiwa frii, yaani limetolewa gia, ili kubakiza dizeli, kisha hiyo dizeli wanaiuza kwa mitungi kando ya njia. Huko upande wa Nakuru, Salgaa na Sachangwan zinajulikana kwa makaburi, na mchezo huo umechangia sana. Mwendo wetu halali ni kilomita 80 kwa saa na kidhibiti mwendo kimefungwa, lakini kidhibiti hakiwezi kulizuia gari lililoachiwa mteremko.

Mbele kidogo tulisimamishwa na askari mmoja. Alikuja dirisha la kulia, macho yake yakampita Dere, yakanifikia mimi. "Leta leseni." Dere akatoa yake, daraja CE, la lori zito lenye trela. Askari akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii ni yako?"

"Sura unaiona, afande."

"Na bwana yako amekuruhusu?"

"Leseni imetolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri, afande, si na bwana yangu."

Alicheka, na kwa haki yake niseme hakuomba hela. Aliomba picha. Alitaka asimame naye mbele ya gari, amtumie mkewe. Dere akamwambia kuna foleni ya madereva nyuma yetu, kama anapenda picha na madereva achague yeyote. Mimi nilifikiri ni mkali mno, picha moja ina ubaya gani? Akanijibu tukiwa tumeshaondoka kwamba kwenye barabara hii ameombwa picha hadi na mtu ambaye gari lake lilikuwa limepinduka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulijua nilipokuwa utingo wa wanaume, kwa kuwa halikutuhusu. Mwanamume akibanwa, anasimama upande wa pili wa tairi, amemaliza. Madereva wenzake wanaijua barabara kwa vituo vya nyama na chai. Dere anaijua kwa vyoo. Anajua petroli gani ina choo chenye mlango, mlango gani una komeo, komeo lipi linafungika, na mlinzi yupi atadai choo kimeharibika hadi ununue kitu. Baada ya Emali hanywi maji hadi tufike mahali anapopaamini, na jua la Ukambani halijali. Amewahi kuugua kwa kujibana, daktari akamwambia anywe maji mengi. Kwenye kijisanduku cha mbele, kando ya karatasi za gari, kuna pedi na sabuni na tishu, na siku zile anapozihitaji, ratiba yote ya safari inapangwa upya na bosi haelezwi kwa nini.

"Wakisema kazi hii haiwafai wanawake," alisema, "mimi huwauliza choo kiko wapi. Wanabadilisha mazungumzo."

Makindu ni nafuu kubwa. Hekalu la Masingasinga liko pale kando ya barabara tangu 1926, lilijengwa na watu wao waliofanya kazi kwenye reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa na yeyote aliyeko na kula bure: dengu, chapati, chai nzito ya maziwa. Vyoo ni safi na hakuna anayekuuliza umetoka wapi wala nani anakuendesha. Dere alijitanda leso yake, akala taratibu, akajaza chupa ya maji kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tuliacha mchango wetu kisandukuni tukaondoka.

Tumefika Mtito Andei giza likiingia, kama nusu ya njia ya kwenda Mombasa. Gari lina kitanda kimoja nyuma ya viti, na najua wasomaji wengi wamekuwa wakingoja nifike hapa. Mama yangu aliuliza. Mke wa pasta aliuliza. Jibu ni kwamba Dere analala ndani amejifungia, na mimi natandika mkeka chini ya trela, upande wa tangi, kwa sababu dizeli inaibwa usiku na mtu akilala karibu wezi wanasita. Akichoka sana huchukua chumba. Leo alichukua. Msichana wa mapokezi akamuuliza, bila kuinua macho, "Ni cha saa au cha usiku mzima?"

Dere akaweka ufunguo wa gari mezani, ule wenye kibao cha namba. "Cha dereva," akasema. Msichana aliona haya. Mwanamke anayeonekana peke yake usiku kwenye kituo cha malori, watu wameshamwandikia kazi yake, na si ile ya usukani.

Jumatano, hadi Mombasa

Tsavo, ndovu wekundu kwa mbali, upepo wa joto. Treni ya mizigo ilitupita ikielekea Nairobi, makontena juu ya mabehewa yakipita tu bila kwisha. Kila dereva wa lori huiangalia reli ile kwa jicho moja. Mwaka 2019 serikali ilipotaka mizigo yote ya bandarini ipande SGR, yaani reli hiyo mpya, Mombasa watu waliandamana, na wengi walidhani kazi yetu imekwisha.

Nikamkumbusha Dere kwamba Madaraka Express, treni ya abiria ya reli hiyo, ilipozinduliwa Mei 31, 2017, Concilia Owire alikuwa miongoni mwa walioiendesha na rais akiwa ndani. Nchi nzima ilipiga makofi. "Treni haina usukani," Dere akasema. "Wangoje wampe trela arudi nayo nyuma pale Lunga Lunga Road."

Voi, Maungu, Mackinnon Road, Mariakani kwenye mzani tena, kisha foleni ya Miritini hadi usiku. Hakuna zaidi.

Alhamisi, Mombasa

Kahawa imeteremshwa. Siku nzima imekwenda kwenye kungoja, na kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii ambayo haimo kwenye picha za watu. Unapanga foleni, unagongesha muhuri, unaambiwa karatasi ina kasoro, unapanga tena. Misuli haihitajiki popote. Kinachohitajika ni kibofu na subira.

Kwenye kibanda cha kahawa Changamwe alikuwako mzee mmoja mwenye kofia ya vito na fimbo. Alimtazama Dere akishuka, akaniuliza kwa upole wa watu wa pwani, "Mwanangu, huyu ndiye mwendeshaji?"

"Ndiye, mzee."

Dere akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda. Nilijiandaa kusikia yale ya kila siku. Badala yake mzee alituuliza kama tunamjua Michèle Mouton. Mimi sikumjua. Mfaransa, akasema, aliyekuja na Audi Quattro kwenye Safari Rally ya 1983, akamaliza wa tatu, na msaidizi wake kitini alikuwa mwanamke pia, Mwitaliano Fabrizia Pons. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshinda Sanremo, mwanamke wa kwanza kushinda mkondo wa mashindano ya dunia. "Wanaume hapa walikuwa na redio masikioni, wakisema atakwama matopeni. Wao ndio waliokwama, gari zao zilikufa." Akanywa kahawa yake. "Lakini binti zao hawakuwafunza kuendesha, kumbuka."

Nimeitafakari sentensi hiyo ya mwisho kuliko habari yote ya mbio.

Mchana tulikwenda ofisi moja ya usafirishaji kuchukua karatasi za mzigo wa kurudi. Meneja alimpokea Dere kwa heshima kubwa mno. Karibu madam, keti madam. Akasema wao wanawapenda sana madereva wa kike: hawanywi pombe, hawaibi dizeli, hawabebi abiria wa njiani, wanatunza gari kama mtoto. Nilidhani Dere atafurahi. Alitia sahihi, akashukuru, na mlango wa gari ulipofungwa ndipo nikamwona amekasirika kuliko alivyokasirika siku ya kreni.

"Yule wa kreni nikimwonyesha kazi, yamekwisha," akasema. "Huyu ameniajiri niwe malaika."

Akanisimulia kuhusu mwenzake mmoja. Mwanamke, dereva hodari, lakini naye aliteremka kilima frii siku moja, kama wanaume walivyomfundisha. Breki zikaungua, gari likaingia mtaroni, akapona. Kampuni ile haikumfukuza peke yake. Iliacha kuajiri wanawake. Mwaka huo huo wanaume wawili wa kampuni hiyo hiyo walipindua magari, na nafasi zao zikajazwa na wanaume wengine asubuhi iliyofuata. Hakuna aliyeita kikao kujadili kama wanaume wanaiweza kazi.

"Mimi nataka niajiriwe kwa kuwa naendesha vizuri, na nikikosea nifukuzwe mimi. Si dada zangu wote."

Ijumaa, Mombasa hadi Voi

Mzigo wa kurudi ni mitumba, kontena la futi 40, marobota yamebanwa hadi mlangoni. Tulipanda Mazeras kwa mwendo wa kobe, na kupita Taru tairi la trela likapasuka kwa mshindo ambao kila mtu barabarani aliusikia.

Dere aliweka gari pembeni, akawasha taa za dharura, akatembea nyuma mbali na pembetatu za kuakisi. Mimi nikatoa jeki, bomba na spana. Tairi la lori na rimu yake linakaribia kilo 100. Halibebwi, linaviringishwa na kuinuliwa kwa kutegwa. Jasho lilikuwa linaingia machoni wakati lori jingine liliposimama. Dereva wake alikuwa mwema, alileta maji baridi. Lakini alipomwona Dere akinimulikia tochi uvunguni, hakujizuia.

"Kijana, umekaliwa chapati! Mwanamke anasimama na tochi, wewe unalala mchangani?"

Utingo wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kushoto, akinitazama kwa huruma ya kikazi. Nikamuuliza yule dereva mara ya mwisho yeye mwenyewe kufungua nati ni lini. Akafikiri. Utingo wake akacheka kabla yeye hajajibu.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa mijini hawalijui wanapozungumzia nguvu. Tairi hubadilishwa na utingo. Turubai hufungwa na utingo. Kufuli za kontena, jeki, minyororo, vyote ni vya utingo, na vimekuwa vya utingo tangu babu zetu walipokuwa wakiendesha Bedford. Madereva wanaume niliofanya nao kazi walikuwa wakati huu wanakaa chini ya mti na simu. Hakuna aliyewauliza kama wana misuli ya kutosha. Ni Dere tu anayetakiwa aonyeshe kwamba anaweza kufanya kazi yake na yangu.

Voi alinishusha tena nizikaze nati, maana zikishatembea kilomita kadhaa huwa zinalegea. Mbili zilikuwa zimelegea.

Jumamosi, Voi hadi Mlolongo

Siku ndefu na barabara imenyooka, kwa hiyo tuliongea.

Aliniambia alivyopata mtoto wake wa pili. Bosi wake wa wakati huo alikuwa amemuuliza siku ya kwanza ya kazi, "Ukishika mimba, gari litaendeshwa na nani?" Mimba ilipokuja, Dere aliomba likizo yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mwanamke miezi 3 na mshahara wake wote. Bosi akamwambia sheria hiyo ni ya watu wa maofisini. Aliporudi, gari lilikuwa na mtu mwingine, na akaanza upya na Canter, akisambaza sabuni madukani Nairobi, Eastleigh asubuhi na Kawangware jioni, hadi mtu akamwamini tena na trela.

Kuna kifungu kingine, cha 6, kinachomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Kampuni yetu inayo. Imebandikwa ukutani ofisini, na juu yake imetundikwa kalenda.

Mumewe nikamuuliza vipi. Akasema mume hana shida, shida ni simu anazopigiwa mume. Mkeo ameonekana Voi na kijana. Kijana ndiye mimi, nilikuwa naziba pancha. Wake za madereva wengine pia humpigia Dere, wengine kwa matusi, wengine wakimwomba awaambie ukweli waume zao wanalala wapi. "Mimi sina kazi ya kuchunga wanaume," alisema. Ingawa nilimsikia mara moja akimwambia dereva fulani apitie kliniki ya kontena la bluu pale Mlolongo, apimwe kabla hajaenda nyumbani. Alimwambia mbele ya watu, na jamaa akaenda.

Jioni bosi alipiga simu, anataka tuingie Industrial Area usiku huu huu. Dere alikuwa ameshakaribia kumaliza saa zake. Sheria ya Trafiki inaruhusu dereva wa gari la biashara aendeshe jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Wengi tunaijua na wengi hatuifuati. Alimwambia bosi tutalala Mlolongo. Bosi akasema, "Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi na mwanamke." Dere akamuuliza kama godown hufunguliwa Jumapili. Kimya. Halifunguliwi.

Jumapili, Kayole

Gari limelala yadi, Dere ameenda kwa wanawe, mimi nikaenda kwa kinyozi wangu. Kosa kubwa kama unataka kupumzika. Ligi ilikuwa haijaanza kwenye runinga, kwa hiyo mada ikawa mimi.

Walianza na lile la kupaki, kwamba mwanamke hajui kupaki hata Vitz. Nikawasimulia godown. Wakasema huyo ni mmoja. Wakaja na nguvu: lori ni zito, linataka mkono. Nikawaeleza kwamba usukani una pawa, breki ni za hewa, ukikanyaga unafungua tu hewa ifanye kazi, na hewa ikiisha kabisa breki zinajifunga zenyewe. Kinachosukuma tani 40 ni injini. Kama ni kifua cha dereva, basi hata wale jamaa wa kinyozini wasingefika Donholm.

Wakahamia kwenye usiku: mwanamke atatekwa nyara. Nikawauliza wanaotekwa na mizigo yao kila siku ni nani, kama si wanaume? Mmoja akasema haya, lakini watoto wataachiwa nani. Hapo kinyozi mwenyewe, ambaye ana watoto watatu kijijini na hajawaona tangu Pasaka, alinyamaza akashughulika na mashine yake.

Kulikuwa na kijana pembeni aliyesema dada yake anataka kujifunza, ana leseni ya gari dogo, aanzie wapi. Ndilo swali la maana pekee lililoulizwa siku nzima. Nikampa jibu nililolisikia kwa Dere: apande daraja kwa daraja, aanze na lori dogo la mjini, atafute dereva mzoefu atakayekubali akae kiti cha kushoto, na kabla hajakubali kazi yoyote akague vyoo vya yadi yao.

Jumatatu, Industrial Area tena

Kontena limefunguliwa asubuhi. Wapakuzi wanayashusha marobota kwa mgongo, wanayatupa, yanadunda. Wanawake wa Gikomba wameshafika, wanabishana bei ya marobota ambayo hata hawajayaona ndani. Hakuna anayewaambia biashara ile ni nzito kwao, na wengine wanajitwisha kilo 45 peke yao hadi kwenye mkokoteni.

Saa sita bosi alipiga simu. Alinipigia mimi. Namba ya Dere anayo, anaitumia kumgombeza. "Mwambie dereva wako kuna mzigo wa Malaba kesho, mbolea." Nikaweka simu kwenye spika, nikaiweka juu ya dashibodi.

"Nakusikia," Dere akasema. "Mileji, posho yetu ya safari, ya siku ya kungoja Mombasa haijaingia."

Bosi akasema hiyo hulipwa mwisho wa mwezi. Dere akataja wanaume waliolipwa yao wiki jana, gari kwa gari, kwa namba za usajili, kwa sababu madereva huambiana mambo hayo. Bosi akasema ataangalia. Dere akasema naye ataangalia kama gari liko tayari kwenda Malaba, maana tairi moja la trela linahitaji kubadilishwa kwa jipya, na la akiba tulilofunga njiani limekwisha meno.

"Mwanamke una maneno," bosi akasema.

"Nina risiti pia."

Akanituma kwa fundi wa matairi nikaulize bei, akataka iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri. Niliporudi, ujumbe wa M-Pesa ulikuwa umeingia, pungufu ya shilingi mia tano. Dere alipiga simu tena.